Msinitoe kwenye upatu

Kansa yangu ilianza kwenye titi la kushoto. Sasa hivi iko kwenye uti wa mgongo, kwenye nyonga na kwenye ini. Haitaisha. Dawa ninazomeza zinaishikilia isiende mbio. Zikichoka, daktari atanibadilishia, na hizo nazo zikichoka tutaangalia kilichobaki. Nayasema haya mapema kwa sababu nikiyachelewesha, wewe unayesoma utaanza kunitafutia mwisho: ama nimepona kwa muujiza, ama naandika haya nikiwa kitandani naaga. Nimekaa kwenye cherehani. Nina sare za kwaya za kumaliza kabla ya Jumamosi.

Naishi Kirumba, hapa Mwanza, na kazi yangu ni ushonaji. Nashona magauni ya sendoff, nashona sare za kwaya, na mwaka ukikaribia kuisha nashona sare za shule mpaka macho yanauma. Kibanda changu hakiko mbali na Mwaloni, kwa hiyo upepo wa ziwa ukitujia upande wetu, harufu ya dagaa inaingia mpaka kwenye nguo zilizotundikwa. Wateja wangu wameshazoea.

Maumivu ya mgongo yana dawa. Kichefuchefu kina dawa. Ila kuna namna watu wanavyokutoa taratibu kwenye hesabu ya walio hai na wewe bado upo, na hilo ndilo linaloniliza usiku. Hawafanyi kwa ubaya. Wanafanya kwa huruma, na ndiyo maana inakuwa vigumu kuwagombeza.

Nitafika huko. Niuseme kwanza ugonjwa wenyewe, maana kwenye benchi la kliniki nasikia maneno yanayowaumiza watu bure. Unamsikia mtu akimwambia ndugu yake, "Jamani, ulikuwa na kansa ya titi, sasa umepata na ya mifupa." Mama wa watu anainamisha kichwa akidhani ameandamwa na magonjwa mawili. Ni ugonjwa mmoja. Seli zilizotoka kwenye titi zimesafiri kwa damu au kwa mishipa ya limfu, zikatua kwenye mfupa, na hata zikiwa huko bado ni seli za kansa ya titi, zinatibiwa kwa dawa za kansa ya titi. Daktari mpasuaji mmoja wa London, Stephen Paget, aliandika juu ya jambo hili mwaka 1889 baada ya kupitia kumbukumbu za wanawake 735 waliokufa kwa ugonjwa huu. Aliona kwamba hausambai ovyo. Akasema ni mbegu: zinapeperushwa kila upande, lakini huota penye udongo unaozifaa. Kwa kansa ya titi udongo huo mara nyingi ni mifupa, ini, mapafu na ubongo. Nilipoelezwa hivyo nilipata nafuu fulani, sijui hata niieleze vipi. Mwili wangu haukuwa unaporomoka kila mahali bila mpango. Kulikuwa na kitu kimoja chenye tabia yake, na tabia inaweza kusomwa.

Wangu unalishwa na homoni. Vidonge vya kuzuia homoni kama tamoksifeni vimekuwapo tangu miaka ya 1970, na wanawake wengi wameongezewa miaka navyo. Wapo ambao uvimbe wao una protini nyingi iitwayo HER2, na hao wana dawa yao, trastuzumabu, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1998. Wapo ambao hawana hata kimoja kati ya hivyo, wao hutegemea zaidi dripu za kemotherapi, dawa kali za kuua seli za kansa. Kwa hiyo kile kinyama kinachokatwa na kupelekwa maabara ni kitu kikubwa. Dada yangu, mama yangu, usikubali kuanza safari hii bila kuambiwa kansa yako ni ya aina gani. Uliza, na jibu liandikwe kwenye daftari lako.

Halafu kuna lile swali la kunong'ona: "Kwani alichelewa hospitali?" Ni kweli wanawake wengi hapa Tanzania hufika ugonjwa ukiwa tayari hatua ya tatu au ya nne, na sababu zake zinajulikana: nauli, kuogopa kukatwa titi, mganga aliyesema ni jipu la kutupiwa. Wala sidhani kama aliyechelewa anastahili kusimangwa. Lakini mimi niliwahi. Nilipasuliwa, nikapewa dripu, nikapigwa mionzi, nikameza vidonge, nikaambiwa niko safi. Kansa inayolishwa na homoni inaweza kurudi hata baada ya miaka 10, hata 20, kwa mwanamke aliyefuata kila alichoagizwa. Seli chache zinakuwa zimejificha mahali kipimo hakizioni. Watu hawapendi kulisikia hili. Wakikubali kwamba mimi sikukosea popote, inabidi wakubali pia kwamba hata wao wanaweza kupatwa bila kukosea, na hilo linatisha.

Nilipoambiwa niko safi nilitoa ushuhuda kanisani. Nilivaa gauni nililojishonea mwenyewe, nikasimama mbele, nikapigiwa vigelegele. Tulipika. Ndugu walikuja kutoka Magu na Sengerema. Picha bado ziko sebuleni na sijaziondoa, kwa sababu furaha ile ilikuwa ya kweli.

Miaka ikapita, mgongo ukaanza. Kwa fundi wa cherehani mgongo kuuma si habari, tunainama kutwa nzima. Lakini huu ulikuwa unauma zaidi nikilala kuliko nikikaa, na ulikuwa hautoki mahali pake. (Niliweke wazi hapa, huenda likamsaidia mtu: ukiwa na kansa iliyofika kwenye uti wa mgongo, halafu miguu ikaanza kulegea, au ganzi ikaingia sehemu za siri, au mkojo ukagoma au ukatoka wenyewe, usingoje kukuche. Uti unaweza kuwa unabanwa, na ukicheleweshwa unaweza usitembee tena.) Nilipanda hospitali ya Bugando, pale juu kilimani, wakanipiga picha.

Majibu yalipojulikana, mama mmoja wa maombi alinijia nyumbani. Alikaa vizuri, akala, akaomba, na alipokuwa anavaa kanga yake aondoke akaniuliza kwa sauti ya chini kama ule uponyaji niliupokea kwa imani kamili. Sikumjibu. Namheshimu, ni mtu mzima, na najua alikuwa anahangaika kuiokoa imani yake mwenyewe. Ila swali lile lililala na mimi kitandani kwa muda mrefu. Nilijikuta nawaza ule ushuhuda umekuwa deni, kwamba nimewaaibisha wote waliopiga vigelegele. Leo nasema hivi, na nasema nikiwa mtu wa kusali bado: Mungu hakunikopesha uponyaji. Nilipewa miaka, niliitumia, nilimlea mtoto ndani yake.

Binti yangu ana miaka kumi na minne. Jioni moja tulikuwa tunachambua mchele akaniuliza, bila kuinua macho, "Mama, ukifa mimi nitakaa na nani?" Kila mtu mzima niliyemsimulia jambo hili anaruka: "Ulimwambia hufi?" Sikumwambia hivyo. Tulizungumza mpaka mchele wote ukaisha kuchambuliwa na maji yakawa yamechemka. Tulimtaja baba yake, tukamtaja mama mkubwa wake wa Nyegezi, tukataja shule. Akauliza kama cherehani itakuwa yake. Nikamwambia ndiyo, na kwamba aanze sasa kujifunza kuingiza uzi kwenye bobini bila kuniita. Usiku ule alilala vizuri kuliko siku nyingi zilizopita. Mimi ndiye sikulala. Lakini ilikuwa zamu yangu kukesha, na sikujuta.

Kwa mume wangu sitaandika mengi, nyumba ina milango yake. Niseme tu kwamba dawa za kuzuia homoni zinakuleta kwenye ukomo wa hedhi kabla ya wakati wako: joto linakupanda usiku mpaka shuka inalowa, uke unakauka, tendo la ndoa linauma. Wanawake wengi hunyamaza, waume wakadhani wamekataliwa. Muulizeni muuguzi. Kuna vilainishi visivyo na homoni, na kuna maneno ya kusema ndani ya ndoa ambayo mtu hufundishwa na aliyepita njia hiyo.

Kuna jioni za kungoja majibu. Kila baada ya miezi kadhaa napigwa picha kuona kama dawa bado inafanya kazi, na kati ya siku ya kipimo na siku ya majibu mimi si mtu wa kuishi naye. Naukagua mwili kipande kwa kipande. Hili kwenye bega ni kulala vibaya au ni lenyewe? Kikohozi hiki ni vumbi la vitambaa au ni mapafu? Mtu mzima mwenzangu akiumwa kichwa anameza panadol. Mimi nikiumwa kichwa najiuliza kuhusu ubongo. Halafu kuna ile namba. Kwa takwimu za Marekani, kati ya wanawake 10 wanaogunduliwa kansa ya titi ikiwa tayari imesambaa mbali, kama 3 hivi wanakuwa hai miaka mitano baadaye. Wapo wanaoipita miaka hiyo kwa mbali. Namba hiyo haijui kama mimi ni kati ya 3 au kati ya 7, wala haijui dawa gani zitapatikana Mwanza mwaka kesho kutwa. Niliishi nayo vibaya mpaka nikamwambia daktari wangu asinifiche na pia asinihesabie. Nikitaka hesabu nitaomba mwenyewe. Alikubali. Nashauri kila mgonjwa apatane na daktari wake hivyo, kwa sababu kuna anayetaka kujua kila kitu leo na kuna anayetaka kujua cha wiki hii tu, na wote wawili wana haki.

Nimlete sasa bi harusi. Alikuja na kitambaa chake cha lesi, msichana mzuri mwenye haraka, nikamzungushia mkanda wa kupimia kifuani. Katika kazi yangu hapo ndipo mkono unapotulia: mkanda upite juu ya sehemu iliyojaa, usibane, usilegee, mteja apumue kawaida ndipo usome. Nikamwona ananitazama mimi kifuani kwenye kioo. Nilikuwa na haraka asubuhi ile, nilikuwa sijavaa kifuko changu, kile cha kujazia sidiria upande uliokatwa titi. Akaona haya, akageuza uso. Nikamaliza kuandika vipimo, halafu nikamtolea kifuko chenyewe mezani nikampa akishike.

Huwa navishona mwenyewe. Nje ni kitambaa laini cha pamba, na pamba tunayo, sisi ni watu wa kanda ya pamba. Ndani ukiweka pamba tupu kinakuwa chepesi, sidiria inapanda upande mmoja na mabega yanaenda mshazari. Kwa hiyo naweka ulezi, kiasi cha kulingana na uzito wa titi la upande wa pili, halafu nazungushia pamba nyembamba ili punje zisichome kovu. Mshono wa pembeni nauacha na nafasi ndogo ya kufungua, ili ulezi utolewe kifuko kikifuliwa. Nimewashonea kina mama wengi wa kliniki: wa Geita, wa Bunda, wa Ukerewe, wanalipa wanachoweza. Yule msichana alikipima mkononi, akasema, "Kumbe ni kizito." Akaniambia shangazi yake amekatwa titi mwaka jana na hajatoka nje tangu hapo. Alipokuja kuchukua gauni lake aliondoka na vifuko viwili vya shangazi.

Mmoja wa waliovaa vifuko vyangu alikuwa anatoka Ukerewe. Alikuwa anavuka kwa meli, analala kwa ndugu Igoma, anapanda Bugando alfajiri. Tulikuwa tunakaa pamoja kwenye benchi, tunagawana chapati. Alikuwa mcheshi na alikuwa anapenda kubishana kuhusu kila kitu, kuanzia bei ya sato mpaka siasa za halmashauri yao. Alifariki kabla ya mvua za vuli. Tulianza dawa karibu wakati mmoja, ugonjwa wa aina moja, na sijapata wa kunieleza kwa nini mimi. Kuna uzito wa kubaki ambao nilikuwa siujui. Namkumbuka nikiwa nanunua sato, na nabishana na muuzaji kwa niaba yake.

Yeye ndiye aliyenipeleka kwa muuguzi wa tiba shufaa, tiba ya kupunguza maumivu na mateso ya mgonjwa. Mimi niliogopa, nikidhani huko ni kwa wanaosubiri kufa. Watu wengi wanadhani hivyo, na mofini wanaiogopa kuliko kansa yenyewe. Mofini ya maji ya kunywa, ikitolewa kwa kipimo sahihi, haimuui mgonjwa wala haimfanyi teja. Inafunga choo, basi unapewa na dawa ya choo. Ng'ambo ya ziwa letu, Kampala, Dakta Anne Merriman alianzisha Hospice Africa Uganda, shirika la tiba shufaa, mwaka 1993, akawafikishia wagonjwa mofini ya unga uliochanganywa na maji, ya gharama nafuu, wanywe nyumbani kwao. Kabla yake, Cicely Saunders alikuwa amefungua St Christopher's, nyumba ya kuwatunza wagonjwa wasiopona, huko London mwaka 1967, na ndiye aliyefundisha kwamba maumivu ya mgonjwa wa namna hii yana sehemu nne zilizoshikana: za mwili, za moyo, za mambo ya kijamii na za roho. Ukitibu ya mwili ukaacha zile nyingine, mgonjwa ataendelea kusema anaumwa, na atakuwa anasema kweli.

Muuguzi yule alianza na mgongo. Akaniandikia dawa, akaniombea mionzi ya mfupa. Mara nyingi kipindi kimoja tu kinatosha kupunguza maumivu, na siku hizi mionzi ipo hapa hapa, hatulazimiki wote kwenda hospitali ya kansa ya Ocean Road, Dar es Salaam. Baada ya hapo akaweka kalamu chini akauliza, "Na nyumbani je? Na watu je?" Nikalia palepale. Nikamweleza kuhusu michango.

Mtu wa kwetu atanielewa haraka. Harusi zetu zinachangwa. Kadi ya mchango ikikufikia unaguna, unalalamika, unatoa. Na mimi, mfululizo, harusi zikapita mtaani bila kadi kunifikia. Mtoto wa jirani aliolewa, nikasikia matarumbeta tu yakipita. Nilipouliza nikaambiwa, "Tuliona tusikusumbue, una mambo yako." Wateja wa zamani wakaanza kupeleka vitambaa kwa fundi mwingine "upumzike." Dada yangu, ambaye tumegombana tangu utotoni na kupatana tangu utotoni, akaacha kabisa kunibishia, nikisema jambo la kipuuzi anaitikia, "Sawa, mdogo wangu." Nikifika penye wanawake wanazungumza mipango ya mwaka ujao, sauti zinashuka. Hata Oktoba, mwezi wenyewe wa kansa ya matiti, kina mama wanavaa fulana za pinki, wanatembea, wanaitwa jukwaani walioishinda. Nawapenda na nawashangilia. Lakini sisi ambao hatutaishinda tunaketi wapi? Marekani tarehe 13 Oktoba imetengwa kwa ajili yetu tangu mwaka 2009. Kwetu nimeanza kuitaja mwenyewe, kwa kila atakayenisikiliza.

Kilichoniuma kuliko vyote ni upatu. Kikundi chetu cha wanawake kina miaka mingi. Mzunguko ulipoisha na mwingine kupangwa, jina langu halikuwamo. Mweka hazina alikuja na sukari na sabuni, akasema wamenipumzisha. Nilijua hesabu waliyoipiga: nikipokea mapema halafu nikafa, nani atamalizia kutoa? Ni hesabu halali, fedha ni za watu. Lakini hakuna aliyeniuliza.

Kikao kilichofuata nilikwenda, nikiwa nimevaa vizuri na kifuko changu mahali pake. Nikasalimia wakubwa shikamoo, nikaomba nafasi. Nikasema naomba nirudishwe, na naomba namba ya mwisho. Nitatoa kila mwezi, wote wapokee kabla yangu, na nisipofika hakuna atakayepoteza shilingi. Pakawa kimya. Dada yangu, ambaye naye ni mwanachama, akaanza kusema nisijichoshe. Katibu, mama mmoja mkali wa Pasiansi ambaye sijawahi kuwa karibu naye, akamkatiza, akanitazama usoni akauliza:

"Na usipofika, fedha yako tumpe nani?"

Tangu nimeugua hakuna mtu mzima aliyekuwa ameniuliza hivyo, waziwazi, mbele za watu, akisubiri jibu. Nikamtaja binti yangu. Katibu akaandika jina lake kwenye daftari pembeni ya langu, akanipa nisaini, akasema mchango ni ule ule na faini ya kuchelewa ni ile ile. Tulipotoka, dada yangu alinigombeza njia nzima kutoka pale mpaka stendi ya daladala, kwamba nimemwaibisha, kwamba fedha hiyo ningenunulia matunda. Nilimjibu neno kwa neno. Abiria waligeuka kututazama. Mwezi huu nimeshatoa, na Jumapili ijayo kikao ni kwangu. Nimeagiza sangara, na dada ameniambia nisithubutu kuukaanga mwenyewe kwa sababu huwa ninauharibu.